Maneno Matatu ya Majuu

Meneja alifika kijiweni na gazeti kwapani, na kwa jinsi alivyokuwa amelibana ilijulikana wazi kuwa leo kuna mtu atapatikana. Huyu Meneja hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote. Alikuwa tarishi, miaka thelathini na mmoja akipandisha na kushusha majalada ya wakubwa, na siku alipostaafu akaondoka na sauti yao.

"Someni wenyewe," alisema, kisha akasoma yeye. "'Mzee azunguka ndani ya treni siku mbili ugenini.'"

Mama Pindo aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Baraza ilikuwa yake, na duka la ushonaji nyuma yake, na hata benchi lilikuwa lake, ingawa wakaliaji walijifanya wamesahau. "Siku mbili? Treni gani hiyo isiyofika?"

"Ya kuzunguka mji, mama. Inakwenda duara. Mzee kaenda huko peke yake, lugha haijui, kituo chake hakijui, kuuliza hawezi. Akasema moyoni, ngoja nikae, nikipaona mahali ninapopajua nitashuka. Sasa treni inazunguka tu! Ilipofika mchana kila kituo akawa anakijua!"

"Maskini ya Mungu. Na choo je?"

"Gazeti halikufika huko."

"Hebu lete picha. Anafanana na Soli?"

Meneja alilisogeza gazeti mbali na macho, akaliangalia, akamwangalia Soli, akaliangalia tena. "Uso hapana. Ule woga ndio wenyewe."

Walicheka. Fundi viatu, ambaye mji mzima ulimwita Soli, hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye kigoda chake pembeni mwa benchi, sanduku la zana mbele yake, akigongelea msumari ambao ulikuwa umeshaingia zamani.

Alikuwa na sababu. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na Jumamosi alitakiwa apande ndege, ashuke, apande nyingine, ashuke, atafute treni, yote hayo peke yake, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa nayo maneno matatu tu. Binti yake ameolewa huko mwaka wa saba sasa. Amezaa mtoto wa kiume, ana miaka minne, na Soli hajawahi kumshika hata kidole. Tiketi ameshanunuliwa. Jana binti alipiga simu akasema, "Baba, nakuomba, kama huji niambie kabla ya kesho saa kumi jioni. Baada ya hapo tiketi haibadilishiki tena." Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomnyima Soli usingizi.

Kwa hiyo, ndani ya mfuko wa shati lake, simu ilikuwa na ujumbe ulioandikwa tangu asubuhi na mapema. "Mwanangu, mgongo umenikamata." Bado hajautuma. Mgongo wake, kama mtakuwa mnauliza, ulikuwa mzima kuliko benchi lile.

"Msimtishe mwanafunzi wangu," ilisema sauti kutoka mwisho wa benchi. "Huyo mzee wa treni hakuwa na mwalimu. Soli anaye."

Aliyesema ni Majuu. Jua lilikuwa linawaka mpaka lami inalainika, lakini Majuu alikuwa ndani ya koti zito, zipu mpaka kooni. Aliwahi kukaa nchi hiyohiyo miaka miwili. Tangu arudi imepita miaka kumi na mitatu, na haijapita siku hajasema "sisi kule". Mvua ikinyesha, kule ni zaidi. Chai ikiwa ya moto, kule ni zaidi. Ndiye aliyekuwa akimfundisha Soli yale maneno matatu, wiki ya pili sasa.

"Mwalimu wa maneno matatu," Mama Pindo alisema. "Miaka miwili, maneno matatu. Kila neno limekugharimu miezi minane!"

"Ninayo mengi, mama. Nampa ya kuanzia. Mtu huwezi kummwagia lugha nzima kichwani, atapasuka."

"Haya, tumsikie. Meneja, kaa hapo uwe afisa wa uhamiaji."

Meneja hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliketi nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, akapanga mikasi na chaki mbele yake, akanuna. Mama Pindo akavuta futi ya kupimia kutoka kitasa cha mlango hadi kwenye msumari wa ukuta, ndiyo foleni. Soli akasukumwa nyuma ya futi na kiatu cha mtu mkononi, eti pasipoti.

"Anayefuata!" Meneja alinguruma.

Soli alisogea. Alisema neno la kwanza la Majuu, fupi, linalotokea kooni. Majuu alikuwa amemwambia kuwa hilo ni "shikamoo, mheshimiwa".

"Sauti!" Majuu aligomba. "Kule ukiongea kwa upole hawakusikii. Lisukume!"

Soli alilisukuma. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli aligeuka.

"Hapo sasa! La pili."

La pili, kwa mafundisho ya Majuu, lilikuwa "mimi ni mgeni, naomba msaada". Lilikuwa refu kidogo na lilimalizika kwa kishindo. La tatu ndilo "asante sana, Mungu akubariki", na hilo lilisemwa harakaharaka mara mbili mfululizo.

"Mbona asante yao kama mtu anafukuza mbuzi?" Mama Pindo aliuliza.

"Ndivyo walivyo. Wana moyo safi lakini midomo mikavu."

"Pasipoti inanuka gundi," Meneja alisema, akakigonga kile kiatu kwa sanduku la chaki. "Umepita. Karibu. Treni ya mduara ile pale."

Wakaangua kicheko upya. Soli naye alicheka, mdomo tu. Alikuwa ameitazama saa ya ukutani kwa Mama Pindo. Saa tisa kasoro.

Wakiwa katika hali hiyo ndipo yule mama akaonekana. Alikuwa anakuja kwa kuchechemea katikati ya njia, mtu mzima, mvi zimekatwa fupi, mfuko mkubwa begani, ndara moja mguuni na nyingine mkononi. Kwamba alikuwa mgeni halikuhitaji kuulizwa. Wageni wa namna yake walikuwa wameongezeka mjini tangu lianze kujengwa daraja, na Meneja aliitambua bendera ndogo iliyoshonwa kwenye mfuko.

"Majuu!" aliita kwa furaha ya ajabu. "Ndugu zako hao! Wa kule kwenu!"

Majuu alikuwa ameshasimama. "Nimekumbuka kuna mahali natakiwa."

"Kaa chini. Miaka kumi na mitatu unatuambia sisi kule, sisi kule. Kule kumekuja. Kaongee nako."

"Lafudhi zinatofautiana, Meneja. Huyu anaonekana wa kaskazini."

"Umemjua kwa kisigino?"

Mama Pindo alishamshika koti. Yule mgeni naye alikuwa amefika, amesimama mbele ya benchi, akiwaonyesha ile ndara iliyokatika mkanda na kutabasamu. Macho yote yalimgeukia Majuu. Koti halikuwa na pa kutokea. Alikohoa, akavuta pumzi, akalisema lile neno la kwanza, kwa sauti ileile ya kusukuma.

Tabasamu la yule mama lilikatika. Alishusha mfuko begani, akauweka chini taratibu.

"Ona adabu hiyo," Majuu alisema, lakini hata yeye hakuonekana kuamini. Akasema la pili.

Yule mama akarudi nyuma hatua tatu.

"Mbona anaondoka?" Mama Pindo aliuliza.

Majuu, jasho likimtiririka, akaharakisha la tatu, mara mbili. Hapo mgeni aliivua na ndara iliyobaki, akazitupa zote mbili juu ya mfuko, akasimama peku katikati ya vumbi na mikono juu.



"Majuu," Mama Pindo alisema polepole. "Umemwambia nini mama wa watu?"

Majuu aliketi. Alifungua zipu ya koti kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Nilikuwa nafanya kazi ghalani," alisema. "Msimamizi alikuwa na maneno matatu kwangu. Hayo."

"Yanamaanisha nini?"

"Weka chini. Rudi nyuma. Haraka, haraka."

Meneja alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya meza, mabega yanatikisika. "Uwanja wa ndege!" alisema alipoweza. "Jamani! Soli angemwambia afisa wa uhamiaji weka chini! Rudi nyuma! Haraka, haraka! Tena kwa sauti! Wangemwekea uwanja mzima chini!"

"Ningefungwa," Soli alisema.

"Kufungwa? Ungepewa nchi!"

"Na wewe ulijua!" Soli alimgeukia Majuu, na safari hii hasira ilikuwa ya kweli. "Wiki mbili unanifundisha!"

"Nilitegemea ungeongeza tabasamu," Majuu alisema, akitazama chini.

Mama Pindo ndiye aliyekumbuka kuwa kuna mtu amesimama peku juani na mikono juu. Alimwendea, akamshusha mikono mmoja mmoja, akampiga piga begani, akambebea mfuko na ndara mpaka kivulini. Yule mama aliwatazama, akamtazama Majuu, kisha akacheka, kicheko kikubwa kuliko alivyokuwa yeye. Alitoa karatasi mfukoni akampa Meneja, kwa kuwa ndiye aliyefanana na mtu wa kusoma. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, Kiswahili safi.

Meneja akasoma. "'Mimi sijapotea. Natembea tu. Nikikaa sana mahali pamoja, tafadhali mpigieni mwanangu, anafanya kazi darajani.' Na namba ya simu."

"Kaja kumtembelea mwanawe," Mama Pindo alisema. "Hajui hata 'maji'. Na anatembea!"

Hakuna aliyemtazama Soli, na Soli aliliona hilo. Akainama, akachukua ile ndara iliyokatika.

Mkanda ulikuwa umeng'oka kutoka chini, kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye haraka. Soli hakuwa na haraka. Alimpa mgeni kigoda cha wateja, akaanza kukwangua gundi ya zamani kwa kisu. Mgeni akasema kitu. Soli, bila kufikiri, akamjibu.

"Ndiyo, mama. Hii gundi ya kiwandani, ikipata joto inaachia. Kiatu ni uzi."

Mgeni akasema kirefu zaidi, akionyesha sindano.

"Hii? Hii ya babu yangu mzaa mama. Ilikatika ncha nikainoa. Umeona ilivyo fupi?"

Mgeni alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama anayeifahamu hadithi ya sindano zinazokatika ncha. Akaanza yake. Ilikuwa ndefu, ina sehemu ya kuhuzunisha katikati, kisha mahali fulani akapiga goti lake akacheka, na Soli akacheka palepale.

"Mnaelewana?" Mama Pindo aliuliza.

"Hata neno."

"Sasa unacheka nini?"

"Alipofika pale panachekesha."

Mgeni alitoa simu, akamwonyesha picha ya jamaa mwenye kofia ngumu ya kazi, akajigusa kifua. Mwanawe. Soli akapangusa mkono kwenye aproni, akatoa yake. Ilibidi apite kwanza pale kwenye ule ujumbe, ndipo akafika kwenye picha ya mtoto wa miaka minne, mashavu yamejaa uji. Alijigusa kifua, akashusha kiganja mara mbili, kizazi kimoja, kizazi cha pili. Yule mama alifunika mdomo. Alimwonyesha mtoto, akamwonyesha Soli, akatoa maneno kama kumi na tano kwa mpigo, kwa furaha. Katika maneno hayo kumi na tano, moja lazima lilikuwa "babu". Lipi, Soli hakujua.

Soli alipomaliza kushona, mgeni alivaa ndara, akakanyaga mara mbili, akawashika mikono wote. Alipomfikia Majuu alishusha mfuko begani, akauweka chini, akarudi nyuma hatua moja, akamkonyeza. Kisha akauchukua akaenda zake, natembea tu. Meneja alilia machozi.

Vicheko vilipotulia, ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Soli alikuwa na simu mkononi bado, na kidole kimesimama juu yake. Mama Pindo, ambaye jicho lake limezoea kuona uzi uliotoroka mishono mitatu mbele, aliinama juu ya bega lake akasoma kwa sauti.

"'Mwanangu, mgongo umenikamata.' Mgongo gani?"

Soli aliiweka simu pajani, akaokota kiatu cha mtu.

"Soli. Mgongo wa nani?"

"Mimi siendi," Soli alisema.

"Kwa sababu ya treni ya gazetini? Tutakuandikia karatasi kama ya yule mama. 'Mimi sijapotea, natembea tu.' Binti yako ataitafsiri leoleo. Upotelee wapi?"

"Siogopi kupotea." Alikizungusha kiatu cha mtu mikononi, akakosa pa kukiweka. "Huyu mtoto tunaonana kwenye simu kila Jumapili. Na kila Jumapili ananiuliza kitu. Kilekile, sauti yake naijua sasa, kinaishia juu. Namjibu kwa kucheka. Anangoja. Anauliza tena. Nacheka tena. Anangoja, halafu anaondoka, naona kisogo chake kinakwenda. Nikimuuliza mama yake kasema nini, yuko mbioni na sufuria, ananiambia aah, baba, mambo ya watoto. Basi nasema mtandao mbaya, nakata. Sasa nikiwa sebuleni kwao, akaja akasimama mbele yangu akaniuliza, nitasingizia mtandao gani? Hapa mimi nina maneno. Watu wanaleta viatu vizima wapate kunisikiliza. Kule nitakuwa babu bubu. Bora abaki na yule wa kwenye simu."

Meneja alilikunja gazeti, akalikunjua.

Aliyeongea ni Majuu, na hakuanza na "sisi kule".

"Chumba changu kilikuwa juu ya duka," alisema. "Kila siku ya mapumziko nilikuwa nashuka kununua kiberiti. Mimi sivuti, mnanijua. Yule mwenye duka, mama mmoja mzee, akinirudishia chenji alikuwa anasema neno moja, ananitazama usoni. Mpaka leo sijui lilikuwa asante au lilikuwa mwizi. Nilikuwa nalifuata hilo. Nimerudi nyumbani na viberiti mia moja na vitatu."

"Ndiyo maana ulitugawia viberiti!" Meneja alisema. "Tukajua zawadi za majuu."

"Zilikuwa ndizo." Majuu aliinua uso, akamtazama Soli. "Miaka miwili, ndugu yangu, hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Si jina, si umelalaje. Wewe kuna mtu anakuuliza kila Jumapili, hujamjibu hata mara moja, na hajachoka. Halafu unasema siendi? Mimi ningekuwa naulizwa hivyo ningekwenda hata kwa hiyo treni ya mduara."

Mama Pindo alijifuta jicho kwa kipande cha bitana, akasema ni vumbi la kitambaa.

Soli aliichukua simu, akaitazama picha. Kisha akaurudia ule ujumbe, akaanza kuufuta, herufi moja moja, maana hakujua kufuta kwa mkupuo. Kukamata kuliondoka kwanza, mgongo ukafuata. "Mwanangu" akaliacha. Mbele yake akaandika, "nakuja", akatuma, akairudisha simu mfukoni.

"Majuu," alisema. "Babu wanasemaje kule?"

Majuu alifungua mdomo. Watu wote watatu waliona jinsi alivyotaka kulitunga, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akafunga mdomo.

"Sijui," alisema. "Ghalani hakukuwa na mjukuu wa mtu."

"Basi hilo nalifuata mwenyewe," Soli alisema. Akasimama, akawainua wote benchini kwa mikono, maana kulikuwa na jozi kumi na moja za kumaliza kabla ya Jumamosi na walikuwa wamezikalia nne.

Meneja aliondoka na gazeti lake. Mama Pindo alirudi kwenye cherehani. Majuu alibaki nyuma kidogo, koti mkononi, akajifanya anasaidia kupanga viatu, mpaka alipohakikisha hakuna anayesikia.

"Soli," alinong'ona. "Ukishalijua, nipigie mimi kwanza kabla ya hawa. Nije niwafundishe."